Christopher Strachey: Mwalimu aliyeifundisha kompyuta kucheza drafti, na swali la misimbo ya michezo ya zamani

Mchezo wa kompyuta una sura mbili. Ya kwanza ni ile anayoiona mchezaji: picha, sauti, alama na vitufe vya kubonyeza. Ya pili ni msimbo chanzo, yaani maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua na mtu aliyeutengeneza mchezo huo. Tofauti yake ni kama ya sahani ya pilau na maelezo ya mpishi. Mlaji anaweza kulisifu pilau mpaka kesho, lakini hawezi kulirudia sawasawa kama hajui kilichoingia sufuriani, kwa kipimo gani na kwa mpangilio upi.

Kwa miaka mingi kampuni za michezo zimeufungia msimbo chanzo kabatini. Baadhi zimeutoa hadharani mchezo ulipozeeka, nyingine zimekataa, na nyingine zimeupoteza kabisa. Je, watengenezaji wanapaswa kuuachia umma misimbo ya michezo yao ya zamani? Wapenzi wa michezo, wanasheria na watunza kumbukumbu bado wanalibishania swali hili.

Katika makala hii tunalitazama kupitia maisha ya Mwingereza Christopher Strachey, aliyefariki mwaka 1975. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuandika mchezo wa kompyuta, na programu yake inaweza kusomwa leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, kwa sababu karatasi zake hazikutupwa.

Mtoto wa ukoo wa wasomi

Strachey alizaliwa tarehe 16 Novemba 1916 katika mtaa wa Hampstead, London. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, kazi aliyoifanyia serikali ya Uingereza katika vita vyote viwili vya dunia. Mama yake, Ray, alikuwa mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, na aliandika historia ya harakati hizo. Baba yake mdogo, Lytton Strachey, alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya maisha ya watu.

Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo angetarajiwa kung'ara mapema, lakini haikuwa hivyo. Alisoma shule ya Gresham's, kisha mwaka 1935 akaingia King's College, Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wake wa tatu ulivurugika kwa maradhi ya msongo wa akili. Alirudi masomoni, lakini alipohitimu mwaka 1938 alama zake zilikuwa za wastani. Ndoto ya kubaki chuoni kufanya utafiti ikaishia hapo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika kampuni ya Standard Telephones and Cables, akitafiti taa za kielektroniki zilizotumika kwenye rada. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa ndefu na za kuchosha, na zilimkutanisha na mashine ya kukokotoa iliyoitwa kichanganuzi tofautishi. Hapo ndipo hamu ya mashine za hesabu ilipoanza kumwingia.

Vita vilipomalizika hakwenda kwenye maabara. Alikwenda darasani. Alifundisha kwanza shule ya St Edmund's mjini Canterbury, kisha kuanzia mwaka 1949 katika shule maarufu ya Harrow. Alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati mwenye umri wa zaidi ya miaka 30, bila shahada ya juu na bila cheo chochote katika sayansi.

Likizo iliyobadilisha maisha

Januari 1951, kupitia rafiki, Strachey alikaribishwa kwa siku moja katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, huko Teddington. Hapo palikuwa na kompyuta iliyoitwa Pilot ACE, mojawapo ya chache sana zilizokuwa zikifanya kazi duniani wakati huo. Mtaalamu Mike Woodger alimweleza jinsi inavyopewa maelekezo. Strachey alirudi nyumbani, na siku za likizo zilizobaki akaanza kuandika programu ya kucheza drafti.

Hapa wasomaji wetu hawahitaji maelezo mengi. Ni drafti ileile inayochezwa vijiweni kwa vizibo vya soda, ingawa kanuni za Waingereza zinatofautiana kidogo na zetu. Uchaguzi wake ulikuwa na maana. Kompyuta za wakati huo zilinunuliwa kwa ajili ya hesabu za wahandisi na wanajeshi. Drafti haitaki jibu la hesabu. Inataka uamuzi: kete hii niisogeze au niiache, nikila hapa nitaliwa wapi. Strachey alitaka kuonyesha kwamba mashine inaweza kufanya kazi isiyo ya hesabu tupu.

Tarehe 15 Mei 1951, mtaalamu wa hisabati Alan Turing alitoa hotuba katika redio ya BBC kuhusu iwapo kompyuta zinaweza kufikiri. Strachey, ambaye alimfahamu Turing tangu Cambridge, alikuwa akisikiliza. Jioni hiyohiyo alikaa chini akamwandikia barua ndefu kuhusu namna mashine inavyoweza kufundishwa. Kwetu sisi wa redio, hiki ni kituo cha furaha katika simulizi hii: msikilizaji mmoja, hotuba moja, na barua iliyoandikwa kabla ya kulala.

Programu ya drafti ilijaribiwa kwenye Pilot ACE tarehe 30 Julai 1951. Ilikwama, kwa kuwa ilikuwa na makosa ya uandishi. Strachey aliporudi baadaye alikuta mafundi wameibadilisha mashine yenyewe, kiasi kwamba programu yake isingefanya kazi bila kuandikwa upya kwa sehemu kubwa. Tatizo linalowasumbua watunza michezo leo lilikuwepo tangu siku ya kwanza: mchezo hutegemea mashine, na mashine haikai kama ilivyo.

Usiku mmoja Manchester

Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa kimepokea kompyuta kubwa zaidi mwezi Februari mwaka huohuo. Iliitwa Ferranti Mark 1, kompyuta ya kwanza ya matumizi ya jumla kuuzwa kibiashara. Kumbukumbu yake ilikuwa katika mirija ya vioo inayofanana na ya televisheni za zamani, ikisaidiwa na pipa la sumaku. Programu iliingizwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Mwandishi alilazimika kuandika kila agizo kwa alama 32 za mashine ya kuchapia ujumbe, bila lugha yoyote inayofanana na ya binadamu.

Turing ndiye aliyeandika kitabu cha mwongozo wa mashine hiyo, na Strachey alijipatia nakala. Turing alimpa pia zoezi: aandike programu itakayoifanya mashine ijiige yenyewe, ili waandishi wengine waweze kufuatilia kosa lilipo katika kazi zao. Strachey aliandika maelekezo yapatayo 1,000. Ilikuwa programu ndefu kuliko zote zilizowahi kujaribiwa pale. Mgeni huyo, mwalimu wa shule, alikesha na mashine usiku mzima. Asubuhi programu ilikuwa inafanya kazi, na mwishoni mwake kipaza sauti cha kompyuta kikatoa wimbo wa taifa wa Uingereza.

Habari zilisambaa haraka. Shirika la serikali lililohusika na kuendeleza uvumbuzi, National Research Development Corporation, lilimpa ajira. Alianza rasmi Juni 1952. Mwalimu akawa mtaalamu wa kompyuta bila kusomea somo hilo popote, maana hapakuwa na pa kulisomea.

Katikati ya mwaka huo wa 1952, programu ya drafti sasa ilikuwa imehamishiwa Manchester na iliweza kucheza mchezo kamili kwa kasi ya kuridhisha. Ubao ulionekana kwenye kioo cha mashine, na kwa sababu hiyo wanahistoria huuweka miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa kuonyeshwa kwenye skrini. Kompyuta iliangalia hatua kadhaa mbele kabla ya kusogeza kete. Mchezaji alitakiwa kurusha sarafu ili ijulikane nani aanze. Aliyechelewa kucheza alichapiwa maneno ya kuhimizwa, na akiendelea kuzubaa mashine ilikasirika na kukataa kuendelea naye. Ucheshi huo haukutoka kwenye chuma. Ulikuwa wa Strachey, umeandikwa ndani ya msimbo.

Alikuwa na mzaha mwingine pia. Aliandika programu ya kutunga barua za mapenzi kwa kuchagua maneno kibahatibahati, kisha zikatiwa sahihi ya herufi za kwanza za jina la kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester.

Maarifa yaliposafiri

Septemba 1952 Strachey aliwasilisha kazi yake ya drafti katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Toronto, Canada. Hakuificha. Alieleza wazi jinsi programu ilivyopanga ubao, ilivyopima faida ya kila hatua na ilivyochagua.

Nchini Marekani, Arthur Samuel wa kampuni ya IBM aliyachukua mambo ya msingi ya kazi hiyo, akaandika programu yake ya drafti kwa kompyuta ya IBM 701. Samuel aliongeza jambo kubwa: programu yake ilijifunza kutokana na michezo iliyokwisha kucheza. Makala yake ya mwaka 1959 kuhusu kazi hiyo huhesabiwa leo kuwa miongoni mwa misingi ya akili bandia. Kwa maneno mengine, mchezo mmoja uliofafanuliwa hadharani ulizaa mwingine ulioupita.

Lakini tusimgeuze Strachey kuwa mtu aliyegawa kila kitu bure. Mwajiri wake alikuwepo ili kulinda uvumbuzi wa Waingereza na kuutafutia fedha. Mwezi Februari 1959 Strachey aliomba hataza kwa wazo lake la kuifanya kompyuta moja igawe muda wake kati ya kazi mbalimbali. Miezi michache baadaye aliliwasilisha wazo hilo katika mkutano wa UNESCO mjini Paris. Aliujua upande wa milki na upande wa elimu ya wazi, na aliishi katika vyote viwili. Ndiyo maana maisha yake yanatufaa katika mjadala huu.

Kutoka lugha yake hadi Doom

Mwaka 1959 Strachey aliacha ajira akawa mshauri wa kujitegemea. Kuanzia 1962 alifanya kazi Cambridge, ambako yeye na wenzake walibuni lugha ya kuandikia programu iliyoitwa CPL. Ilikuwa kubwa mno na utekelezaji wake ulisuasua. Hata hivyo Martin Richards, aliyekuwa katika kundi hilo, aliirahisisha ikawa BCPL. Huko Marekani Ken Thompson aliipunguza zaidi ikawa B, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dennis Ritchie akaikuza B ikawa C.

C ndiyo lugha iliyotumika kuandika sehemu kubwa ya mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwaka 1993. Na Doom ndio mfano unaotajwa zaidi kila swali letu linapozuka. Desemba 1997, id Software chini ya mtaalamu wake John Carmack iliutoa hadharani msimbo chanzo wa mchezo huo. Tangu hapo watu wameuhamishia kwenye simu, kamera, mashine za kuchapisha na kompyuta ambazo hazikuwepo ulipoundwa. Kijana anayejifunza programu akiwa Mwanza au Eldoret anaweza kuupakua leo na kuusoma mstari kwa mstari.

Yapo mambo mawili katika kisa cha Doom ambayo husahaulika. Kwanza, kilichotolewa ni msimbo, si picha, ramani na sauti za mchezo. Hizo zilibaki mali ya kampuni, na Doom inaendelea kuuzwa mpaka leo. Pili, utoaji wenyewe haukuwa rahisi. Toleo la awali la mchezo lilitumia maktaba ya sauti iliyokodishwa kwa mtu mwingine, ambayo id haikuwa na haki ya kuigawa. Kwa hiyo msimbo uliotolewa ulitokana na toleo la mfumo wa Linux, ambalo halikuwa na sehemu hiyo.

Oxford, na kitabu cha msimbo

Mwaka 1965 Strachey alianzisha kundi la utafiti wa programu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1971 alifanywa profesa, yeye ambaye zaidi ya miaka 30 nyuma alikosa alama za kumwezesha kubaki chuoni. Akiwa na Mmarekani Dana Scott, aliweka misingi ya kueleza kihisabati maana ya programu.

Alikuwa mgumu wa kuchapisha. Kila andiko alilihariri tena na tena. Mihadhara aliyoitoa Copenhagen mwaka 1967 kuhusu misingi ya lugha za programu ilisomwa na kizazi kizima cha wataalamu kupitia nakala zilizopitishwa mkono kwa mkono. Ilikuja kuchapishwa rasmi mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo chake. Kama nakala hizo zisingezagaa, sehemu kubwa ya fikra hizo ingebaki kwenye droo.

Katika jambo moja, hata hivyo, Strachey alichapisha kila kitu. Yeye na Joe Stoy walitengeneza mfumo endeshi wa majaribio kwa kompyuta ndogo, wakauita OS6. Mwaka 1972 Oxford ilitoa chapisho lililobeba msimbo wake pamoja na maelezo ya jinsi ya kuusoma. Waliona kwamba programu, kama shairi au uthibitisho wa hesabu, ni andiko linalopaswa kusomwa na watu wengine ili lijulikane uzuri na udhaifu wake. Watengenezaji wa kompyuta ya Xerox Alto, iliyokuja kuathiri sana kompyuta za mezani, walijifunza kutoka kwa mfumo huo.

Strachey alifariki Oxford tarehe 18 Mei 1975 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka 58.

Kilichobaki kwenye karatasi

Baada ya kifo chake karatasi zake zilipangwa, zikaorodheshwa na kuwekwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Ndani yake mna madaftari, barua, na orodha za maelekezo ya programu, zikiwemo za drafti na za barua za mapenzi.

Karne hii, mtafiti na msanii Mjerumani David Link alizifuata karatasi hizo. Hakuna kompyuta ya Ferranti Mark 1 inayofanya kazi leo, hivyo ilimbidi atengeneze programu inayoiga tabia za mashine ile, kisha aingize humo maandishi ya Strachey. Barua za mapenzi zikatoka tena. Drafti ikacheza tena, pamoja na hasira zake kwa mchezaji mzembe. Hili liliwezekana kwa sababu moja tu: msimbo ulikuwepo, na mtu wa nje aliruhusiwa kuuona.

Linganisha na muziki. Mwishoni mwa mwaka 1951 BBC ilirekodi kompyuta ya Manchester ikipiga nyimbo, ukiwemo wimbo wa taifa, na santuri ya kurekodia ikahifadhiwa. Ndiyo sauti ya zamani zaidi inayojulikana ya muziki wa kompyuta. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand, Jack Copeland na Jason Long, waliichunguza na kugundua kuwa sauti ilikuwa imepotoka, kwa sababu santuri haikuzunguka kwa kasi sahihi wakati wa kurekodi. Ili kujua sauti halisi walilazimika kukokotoa ni noti zipi mashine ile iliweza kutoa kulingana na maelekezo yake.

Sisi watu wa redio tunalielewa vizuri somo hilo. Rekodi ni kitu cha thamani, lakini rekodi ni matokeo. Inaweza kuchakaa, kupotoka au kufutwa ili kanda itumike tena. Maelekezo yaliyoizaa yanaweza kuisahihisha. Bila maelekezo, unabaki ukikisia.

Hoja za wanaokataa

Wanaopinga kutoa misimbo ya zamani wana hoja za kweli, na si haki kuwaita wachoyo.

Hoja ya kwanza ni milki. Mchezo mmoja huweza kuwa na vipande vya watu kumi: injini ya kampuni hii, maktaba ya sauti ya kampuni ile, leseni ya timu ya mpira au filamu fulani. Kisa cha Doom kinaonyesha kwamba hata mwenye nia njema hawezi kutoa kisicho chake. Kuchambua nani anamiliki nini huhitaji wanasheria, na wanasheria huhitaji malipo.

Hoja ya pili ni biashara. Kampuni inaweza kutaka kuutoa upya mchezo wa zamani, au bado inatumia sehemu ya msimbo huo katika mchezo mpya. Ya tatu ni usalama: katika michezo inayochezwa kwa mtandao, kuuona msimbo kunaweza kumrahisishia mdanganyifu. Ya nne ni ya kibinadamu. Msimbo huandikwa kwa haraka, usiku, mtu akiwa amechoka. Una njia za mkato na maneno ya hasira ambayo mwandishi hakukusudia yasomwe.

Juu ya yote ipo sheria. Nchini Uingereza hakimiliki ya maandishi, ikiwemo programu, hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hesabu hiyo, kazi za Strachey mwenyewe zitabaki na ulinzi mpaka mwisho wa mwaka 2045. Mchezo ulioandikwa kwa mashine isiyokuwepo tena, na mtu aliyefariki nusu karne iliyopita, bado una mwenyewe kisheria.

Hoja za wanaokubali

Upande wa pili unauliza: ukikaa kabatini, utakuwepo? Mwaka 2012 kampuni ya Konami ilitoa upya michezo miwili ya Silent Hill, na wachezaji wakalalamikia makosa mengi. Waliohusika walieleza kwamba msimbo wa mwisho haukuwa umehifadhiwa, na kwamba walifanyia kazi toleo ambalo halikukamilika. Wenye mali wenyewe walikuwa wamepoteza mali.

Mwaka huohuo Mmarekani Jordan Mechner alipata bahati iliyo kinyume. Baba yake aliona nyumbani boksi la disketi zenye msimbo wa Prince of Persia, mchezo wa mwaka 1989 uliodhaniwa kuwa umepotea. Kwa msaada wa wataalamu wa vifaa vya zamani disketi zilisomwa, na Mechner akauweka msimbo hadharani. Disketi haidumu milele. Miaka michache zaidi, na huenda pasingekuwa na cha kusoma.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena madukani. Hoja ya biashara ina nguvu pale biashara ipo. Kwa mchezo ambao hauuzwi, hautengenezwi na hauna mpango wa kurudi, hakuna soko la kulindwa.

Tunaliona vipi

Maisha ya Strachey hayatupi kanuni moja ya kila mchezo. Aliomba hataza pale alipoona inafaa, na akachapisha msimbo pale alipoona elimu inafaidika. Lakini yanatuonyesha mambo matatu.

Kwanza, kutoa si sawa na kugawa kila kitu. Kampuni inaweza kuachia msimbo na kubaki na picha, jina na wahusika, kama Doom ilivyofanya. Pili, hatua ya kuhifadhi hutangulia hatua ya kutoa. Karatasi za drafti zilikaa maktabani kwa miaka mingi bila kelele, na zilipohitajika zilikuwepo. Mtengenezaji asiyeweza kutoa leo kwa sababu za kisheria anaweza angalau kukabidhi nakala kwa maktaba au makumbusho, kwa masharti na tarehe ya kufunguliwa. Tatu, mapema ni bora. Aliyeandika msimbo akiwa hai anajua kipi ni chake, kipi alikodi, na kwa nini mstari fulani uko ulivyo. Akifa, anaondoka na majibu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: mchezo ukiacha kuuzwa na mwenyewe hana mpango nao, msimbo wake usomwe. Palipo na kizuizi cha kweli, uhifadhiwe mahali pa kuaminika hadi kizuizi kiishe. Kuuacha uoze kwenye disketi kwa sababu tu hakuna aliyelazimishwa kuamua hakumfaidi yeyote, hata mwenye mali.

Strachey alipoandika drafti yake wakati wa likizo ya shule mwaka 1951, hapakuwa na kampuni za michezo wala sheria iliyotaja programu. Hakuna aliyejua kwamba karatasi zile zingetafutwa. Watengenezaji wa leo hawana udhuru huo, maana wanajua.